Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Makala za Kilwa na Mkoa wa Lindi katika Wikipedia ya Kiswahili

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu uliopita uliazimia jambo ambalo wapo walioondoka wakilinung'unikia: kwamba mwaka mzima tusianzishe makala mpya, tushughulike na zilizopo. Azimio limefuatwa. Taarifa hii inaeleza tulichokikuta ndani ya makala hizo, tunavyovirekebisha na yale ambayo bado yanatushinda. Idadi ya maharirio sitaitaja. Anayetaka ya kwake afungue ukurasa wa michango yake. Hesabu ile humpa alama moja aliyehamisha nukta, na alama moja aliyeandika upya historia nzima ya Kilwa Kisiwani.

KATA, WILAYA NA SENSA

Makala nyingi za kata za mkoa wetu zina sura moja: jina, wilaya, mkoa, postikodi, idadi ya wakazi ya sensa ya 2012, kisha kigezo cha mbegu (alama kwamba makala bado ni fupi mno) chini. Matokeo ya sensa ya Agosti 2022 yalipotoka, kazi ilionekana nyepesi: futa namba ya zamani, weka mpya. Walioianza wameona wenyewe. Namba hiyo hukaa ndani ya matini, hukaa tena kwenye sanduku la upande wa kulia, na mara nyingi hurudiwa katika makala ya wilaya. Ukibadilisha mahali pamoja ukasahau pengine, makala inabaki ikijipinga yenyewe, na msomaji hana njia ya kujua ipi ni ipi.

Kubwa zaidi ni kata zilizomegwa. Kata iliyozaa kata nyingine kati ya sensa mbili itaonekana imepungukiwa watu, na mhariri asiyejua atatafuta sababu: ukame, kuhama, bei ya korosho. Sababu ni mpaka tu. Kwa hiyo kabla ya kuandika kwamba wakazi wameongezeka au wamepungua, fungua orodha ya kata za 2012 na ya 2022, uone kama majina ni yale yale. Usifute namba ya 2012. Ziache zote mbili, kila moja na mwaka wake na tanbihi yake, kama tulivyofanya kwa mkoa wenyewe: 864,652 mwaka 2012, na 1,194,028 mwaka 2022.

Wilaya na halmashauri bado zinatuchanganya. Mkoa una wilaya tano: Kilwa, Lindi, Liwale, Nachingwea na Ruangwa. Halmashauri ni sita, kwa kuwa ndani ya Wilaya ya Lindi kuna Manispaa ya Lindi na Halmashauri ya Mtama. Makala zinazosema "Wilaya ya Lindi Vijijini" zimepitwa na wakati, lakini msizifute. Jina la zamani liwe elekezo, yaani ukurasa unaompeleka msomaji kwenye jina jipya, maana vitabu na magazeti ya miaka ya nyuma yanalitumia na msomaji atalitafuta kwa jina hilo. Vivyo hivyo kwa Liwale. Sehemu kubwa ya eneo lililoitwa Pori la Akiba la Selous imekuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere tangu 2019, lakini sentensi inayozungumzia miaka ya 1980 ibaki na jina la Selous. Kubadilisha jina kila mahali kwa mkupuo ni kuharibu historia.

MAJIRANUKTA

Hapa nitakaa kidogo, maana kosa ni dogo na aibu yake ni kubwa. Kilwa Kisiwani iko kwenye latitudo 8.96 kusini na longitudo 39.52 mashariki. Kwa mfumo wa desimali, kusini huandikwa kwa alama ya kutoa: -8.96, 39.52. Ukisahau alama hiyo, kisiwa kinapaa hadi Ethiopia, kaskazini ya Adama, mamia ya kilomita kutoka baharini. Ukiiweka alama lakini ukageuza mpangilio, longitudo ikatangulia, Kilwa inatua Ureno, kaskazini ya Lisbon. Wareno walikwishaichukua Kilwa mara moja, mwaka 1505. Hatuna haja ya kuwapelekea tena.

Baada ya kuhifadhi, bofya majiranukta hayo na utazame ramani inayofunguka. Ni kazi ya sekunde kumi. Kisha ingia Wikidata, hifadhidata ambayo makala za Wikipedia huvuta habari kutoka kwake, uangalie kipengele cha makala hiyo: majiranukta yako P625, idadi ya watu P1082, eneo la utawala P131. Idadi ya watu lazima iambatane na tarehe, P585, la sivyo sanduku linalovuta habari kutoka huko linaweza kuonyesha namba ya sensa yoyote. Sanduku likionyesha namba ambayo huioni popote unapofungua "Hariri chanzo", jua imetoka Wikidata, ukaisahihishe huko.

HISTORIA: KILA DAI NA MWENYEWE

Makala ya Kilwa Kisiwani ndiyo iliyokula muda mwingi. Makosa matatu yalikuwa yakijirudia karibu kila mahali inapotajwa.

La kwanza ni jengo liitwalo Gereza. Makala zilisema tu kwamba ni ngome ya Wareno. Wareno walijenga ngome pale 1505 na wakaondoka 1512, lakini sehemu kubwa ya jengo lisimamalo leo ni kazi ya Waomani ya takriban 1800. La pili ni urithi wa dunia. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia katika orodha ya UNESCO 1981, yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini 2004, yakaondolewa humo 2014. Makala zilizotafsiriwa kabla ya 2014 zilibaki na hatari ile ile, hakuna aliyerudi kuziangalia.

La tatu ndilo gumu: asili ya watawala. Masimulizi ya Kilwa, yaliyohifadhiwa katika maandishi ya Kiarabu na katika kitabu cha Mreno João de Barros cha 1552, yanasema mwanzilishi alikuwa Ali bin al-Hassan kutoka Shirazi. Mwanaakiolojia Neville Chittick, aliyechimba Kilwa, aliuweka mwanzo wa ukoo huo karibu na mwaka 1200, na watafiti waliomfuata wanasisitiza zaidi mizizi ya miji hii katika jamii za pwani yenyewe. Mhariri mmoja anaandika kwamba Kilwa ilijengwa na Waajemi, mwingine anatengua, wa kwanza anarudisha. Dawa yake si kushindana kubofya "tengua". Andika "kwa mujibu wa" na umtaje mwenye dai, kila dai na tanbihi yake, kisha eleza sababu katika ukurasa wa majadiliano kabla ya kugusa makala mara ya pili. Wakabidhi, yaani wasimamizi wa Wikipedia, wakija kuamua, hutazama majadiliano kwanza.

Njia hiyo hiyo imetusaidia kwa msafiri Ibn Battuta. Alifika 1331 akaandika kuwa nyumba za Kilwa ni za miti. Jumba la Husuni Kubwa na Msikiti Mkuu, vya mawe ya matumbawe, vipo hadi leo. Tusimsahihishe Ibn Battuta wala tusiyafiche mawe. Yawekwe yote mawili jirani, na maelezo ya watafiti yafuate.

Sarafu za Kilwa zilizookotwa 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, ni tano. Zinathibitisha kwamba sarafu tano zilifika huko. Sentensi kwamba mabaharia wa Kilwa waligundua Australia imeondolewa, na itaondolewa tena ikirudi, hata kama inatupendeza.

Kuhusu Majimaji, makala za vijiji zilikuwa zikigombea vita. Vilianza Julai 1905 katika vilima vya Wamatumbi, Nandete, Wilaya ya Kilwa. Kinjikitile Ngwale alinyongwa Mohoro, ambayo leo iko Rufiji, Mkoa wa Pwani, tarehe 4 Agosti. Mipaka ya mikoa ya leo haikuwepo, kwa hiyo andika mahali palipotajwa na chanzo, kisha useme leo ni wapi. Waliokufa: Wajerumani walitaja 75,000, mwanahistoria Gwassa alikadiria 250,000 hadi 300,000. Usichukue wastani.

Makala ya Tendaguru, kilima cha mkoa wetu kilikochimbwa mifupa ya dinosaria, ilikuwa na upungufu wa aina nyingine. Makala ilitaja jumba la makumbusho la Berlin, Werner Janensch na Edwin Hennig, na uchimbaji wa 1909 hadi 1913. Haikuwa na neno juu ya waliochimba mifupa hiyo na kuibeba mabegani na vichwani hadi bandari ya Lindi. Jina la Boheti bin Amrani, aliyekuwa msimamizi mkuu wa wafanyakazi, lipo katika vyanzo vya Wajerumani wenyewe. Sasa lipo katika makala. Kiunzi kikubwa cha Berlin, chenye kimo cha mita 13.27, kiitwe Giraffatitan, na jina la zamani la Brachiosaurus brancai lielezwe katika sentensi moja.

TAFSIRI YA MASHINE

Zana ya kutafsiri makala inaokoa muda wa kupanga viungo, vichwa na tanbihi. Matini yake haifai kuhifadhiwa bila kusomwa kwa sauti. Kata za Kilwa zilitoka "wodi", kana kwamba wilaya nzima imelazwa. Kilwa Masoko ikawa "kiti cha wilaya" badala ya makao makuu. Magofu yakawa "maangamizi". Hayo yanaonekana. Yanayopita bila kuonekana ni ngeli: sentensi inaanza na mji, katikati inageuka kuwa kisiwa, mwisho wake ni "yeye". Jambo la kisheria pia lisisahaulike: ukitafsiri kwa mkono, muhtasari wa hariri utaje makala ya lugha uliyoitoa. Leseni inadai hivyo.

Tanbihi zilizokuja na tafsiri zifunguliwe moja moja. Kurasa za serikali huhama, na kiungo cha mwaka jana leo hakifunguki. Kabla ya kuweka kiungo chochote, kihifadhi kwanza Wayback Machine, hifadhi ya nakala za kurasa za mtandao, kisha weka anwani zote mbili. Tarehe ziandikwe kwa tarakimu, mwaka-mwezi-siku, ili kigezo kisilalamike kwa maandishi mekundu. Na matini ya tovuti ya halmashauri isinakiliwe neno kwa neno. Kuwa ya umma hakuifanyi iwe huru na hakimiliki.

PICHA

Picha zilizofutwa Wikimedia Commons, ghala la picha zinazotumiwa na Wikipedia, mwaka huu zilikuwa na historia moja: zilipitia WhatsApp. Ikipita huko, picha hubanwa, na taarifa za kamera, tarehe na mahali hupotea. Anayeikagua anaona faili dogo lisilo na asili, anadhani limeokotwa mtandaoni. Pakia moja kwa moja kutoka simu iliyopiga, kwa akaunti ya aliyepiga, kwa leseni ya CC BY-SA 4.0 (inayoruhusu picha kutumiwa upya kwa kumtaja aliyeipiga). Jina la faili lieleze kitu: "Husuni Kubwa, birika la kuogelea, upande wa bahari" badala ya IMG na namba. Ukipiga ukiwa nyumbani kwako, zima GPS kwanza.

Kwa picha za kale tunazo zile ambazo hifadhi ya nyaraka ya Ujerumani, Bundesarchiv, ilizitoa Desemba 2008, karibu 100,000 kwa jumla, zikiwemo za Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Tuzitumie kwa macho mawili. Maelezo yaliyoandikwa chini yake ni ya wakati ule na ya mtawala. Ukurasa wa faili wenyewe unaonya hivyo. Maelezo ya Kiswahili tuyaandike upya kwa tunachokiona na kwa chanzo kingine.

MAFUNZO

Kila darasa limekwama mahali pamoja. Anwani moja ya intaneti hairuhusiwi kufungua akaunti zaidi ya sita kwa siku, kwa hiyo mtu wa saba kwenye ruta ile ile hukataliwa, naye hudhani amekosea nenosiri. Wengine hukuta anwani ya mtandao wao wa simu imezuiwa kwa makosa ya watu wasiowajua. Akaunti zifunguliwe nyumbani, siku mbili kabla. Na kama washiriki ni wengi, mwandaaji aombe ruhusa ya kuzidisha kikomo mapema, si asubuhi ya mafunzo.

Mgeni asianze na wasifu wa mwanasiasa aliye hai, wala hoteli ya rafiki yake. Huanza vizuri kwa kuongeza tanbihi moja katika makala ya kata anayoifahamu, akajifunza kuandika muhtasari wa hariri, kisha akaiweka kata hiyo katika maangalizi yake, yaani orodha ya makala anazozifuatilia.

MWAKA UJAO

Hesabu za fedha zimo katika taarifa ya mhazini. Kamati inapendekeza azimio la kutofungua makala mpya liongezwe mwaka mmoja, isipokuwa kwa viungo vyekundu (vya makala ambazo bado hazijaandikwa) vilivyomo ndani ya makala zilizokwisha kurekebishwa. Kila mwanachama atapewa wilaya moja ya kuilinda katika maangalizi. Ruangwa na Nachingwea hazina mtu bado. Wanaozitaka wafike mkutanoni na orodha mbili za kata, ya 2012 na ya 2022, zikiwa zimechapishwa, maana umeme wa ukumbi mnaujua.

Mwenyekiti