Mlango wa kanisa lenu unatazama wapi?

Kila mwaka ikifika Novemba, simu ya studio yetu ya picha hapa Ganjoni, Mombasa, hailali. Mwenyekiti wa kamati yuko hewani: "Twataka picha ya kanisa ya kuweka kwenye kalenda, na mchapishaji aisubiri Ijumaa." Nami kabla ya kutaja bei huuliza: mlango wenu mkubwa unatazama wapi? Wengi hudhani nimepotea njia nataka kuelekezwa. Hujibu kwamba unatazama stejini, au unatazama duka la mbao. Basi huwaomba wasimame mlangoni saa kumi na mbili asubuhi waniambie jua limetokea mkono upi.

Mombasa iko digrii nne hivi kusini mwa ikweta. Jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na mapema Oktoba. Baina ya Machi na Oktoba huwa upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki huwa upande wa kusini. Maana yake ni kwamba kanisa linalotazama kaskazini hupata jua usoni kuanzia Aprili hadi Septemba. Novemba hiyo mnayonipigia simu, uso wake uko kivulini tangu asubuhi hadi jioni, na mbingu nyuma yake inawaka kama bati jipya. Simu ya mkononi ikipiga hapo, ama kanisa litoke jeusi ama mbingu zitoke nyeupe pepepe. Kamera yangu ya bei nayo itatoa jambo lilo hilo.

Mlango ukitazama mashariki au magharibi, kazi ni nyepesi: wa mashariki twaja asubuhi, wa magharibi twaja alasiri, na jua la mwezi wowote hufaa. Desturi ya zamani ilikuwa kuweka altare mashariki, kwa hiyo mlango ukaelekea machweo. Lakini makanisa mengi ya mitaani yamejengwa kufuata kiwanja kilivyopatikana, na kiwanja hakijui dira.

Saa sita mchana sipigi picha ya jengo lolote. Jua la utosi huangusha vivuli vya madirisha chini kama machozi ya wanja, na ukuta mweupe hupoteza kila alama. Na kuta nyeupe ndizo tulizo nazo: tangu 2018 majengo mengi ya katikati ya mji yalipakwa nyeupe na buluu. Asubuhi hupendeza sana. Mchana huumiza macho ya mtu, sembuse ya kamera.

Je, kamati iliyochelewa tuiache? La. Ipo njia ya jioni. Jua likishazama hubaki kama dakika ishirini ambazo mbingu huwa buluu ya bahari, na taa za ndani zikiwashwa madirisha huwa ya dhahabu. Huku kwetu giza huja haraka, halikungoji ufunge miguu ya stendi. Mwaka mmoja nilifika mapema, nikapanga kila kitu ng'ambo ya barabara, mbingu ikaiva vizuri kabisa, na kanisa likabaki giza totoro. Mwenye ufunguo wa chumba cha swichi alikuwa ameshavuka feri kwenda kwao Likoni. Alirudi akitweta, akawasha kila taa, akaniuliza kama madirisha yapendeza. Yalipendeza. Mbingu ilikuwa nyeusi kama sufuria. Tangu siku hiyo, kwenye karatasi ya makubaliano pana mstari wa jina na simu ya mwenye ufunguo, na usipojazwa siji.

Lalamiko la pili ni la minara inayolala. "Mbona kanisa letu laanguka nyuma?" Ukisimama karibu na jengo refu ukainua kamera juu, kuta hukutana kileleni kama vijiti vya hema. Dawa ni kurudi nyuma, au kupanda juu ili kamera itazame mbele sawasawa. Kurudi nyuma si rahisi mjini. Kanisa Kuu la Kianglikana la Memorial, lile lililowekwa wakfu 1905 kwa ukumbusho wa Askofu Hannington, liko Barabara ya Nkrumah, na ukitaka kuba lote liingie waweza kujikuta katikati ya tuktuk. Lile kuba na matao yake huwafanya wageni wengi wadhani ni msikiti, nami huona hiyo ndiyo sababu nzuri ya kulipiga lote badala ya kulikata kichwa. Huenda Jumapili alfajiri, kabla magari hayajaamka. Kwingineko tunaomba ruhusa ya kupanda roshani ya jumba la mbele, na ruhusa hiyo yaweza kuchukua siku tatu za kumtafuta mwenye nyumba. Siku hizo zimo ndani ya bei. Kunyoosha kuta kwenye kompyuta kunawezekana, ila picha hukatwa pembeni, na msalaba wa juu huwa wa kwanza kuondoka.

Ndani ya kanisa shida ni nyingine. Madirisha ni makali, pembe ni za giza. Hupiga picha tatu au zaidi bila kuitikisa kamera, moja ya madirisha, moja ya mabenchi, moja ya dari, kisha huziunganisha. Hapo tunahitaji nusu saa kanisa likiwa tupu, wala si baina ya misa mbili. Na wale wenye skrini kubwa nyuma ya madhabahu: skrini na taa nyingi za siku hizi hupepesa bila jicho kuona, na kamera ikifungua na kufunga jicho lake kwa kasi kubwa hunasa mistari myeusi mpaka usoni mwa mchungaji. Hupunguza kasi mpaka mistari iondoke, kwa hiyo mwambieni asiruke sana. (Wapo wasioambilika. Twawangoja wameze mate.)

Sherehe hazisubiri taa. Jumapili ya Matawi, maandamano yakitoka na makuti mabichi ya mnazi, mimi huwa mbele yao nikitembea kinyumenyume, na kijana wangu amenishika shati mgongoni asije akaniacha nitumbukie mtaroni. Mwezi wa Mfungo Sita zefe za Maulidi zikipita Mji wa Kale ni mwendo uleule, ila vichochoro ni vyembamba zaidi na bakora ni nyingi. Hekaluni siku ya Diwali viatu hubaki nje. Kwa kazi hizi zote tunafika nusu saa kabla, na sababu si adabu tu. Mombasa ina unyevu, na kamera iliyotoka kwenye gari la AC ikifunguliwa nje lenzi huvaa ukungu papo hapo kama kioo cha bafuni. Nilipoteza maandamano mazima ya komunyo ya kwanza hivyo, watoto arobaini na kitu wakipita mbele yangu nami nafuta lenzi kwa pindo la shati. Siku hizi kamera husafiri dirisha likiwa wazi, nasi twatoka jasho pamoja nayo.

Kuhusu watoto hao: Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yataka idhini ya mzazi, kwa hiyo parokia itukusanyie saini kabla ya siku yenyewe. Kukimbizana na akina mama mlangoni baada ya misa hakufai.

Wateja wengine hawataki jengo, wataka mji: mikokoteni ya Marikiti, ngalawa, muuza madafu chini ya mbuyu wa Mama Ngina. Hizi ndizo picha ninazozipenda, na ndizo zinazochelewa zaidi. Yuko mama mmoja wa viazi karai ambaye mkono wake ukichota viazi kwenye mafuta, moshi hupita kwenye mwanga wa jioni vizuri ajabu. Nilipoinua kamera bila neno aligeuza mgongo. Kesho yake nilikwenda mikono mitupu, "Shikamoo mama," nikala viazi na ukwaju wake. Siku ya tatu aliniuliza mwenyewe: "Hiyo picha yaenda wapi?" Nikamwambia, ukutani kwa hoteli. "Basi niletee yangu kwanza." Nilimchapia, sasa iko juu ya meza yake ndani ya nailoni, imeshadondokewa na ukwaju kwenye pembe.

Mkiniomba nifute vitu, tusikilizane mapema. Pale Kengeleni, penye kengele ya zamani ya Frere Town, makazi ya watumwa walioachwa huru, nyaya za umeme nitazifuta mkitaka. Matatu na makanga wake sifuti. Kengele ile bila kelele za Kisauni chini yake si ya Kisauni tena.

Kwa kalenda ya mwaka ujao: mlango wa kaskazini, tupigieni kabla Septemba haijaisha. Mlango wa kusini, Novemba ni sawa, na Januari pia, kama mwaweza kuiweka picha mpaka kalenda inayofuata. Wa mashariki na magharibi, siku yoyote isipokuwa masika, Aprili na Mei, tukingojana na mvua. Nusu ya malipo hutangulia, na jina la mwenye ufunguo.