Kidonda cha Mama

Zuhura mpenzi,

Habari za siku nyingi? Sisi huku hatujambo, hofu ni kwenu. Salaam za Rehema zimefika, na kitenge pia, Mungu ambariki.

Ujumbe wako wa jana umeniondolea usingizi. Mama ana sukari, kidonda kiko unyayoni, halafu Baba Idi anakiosha kwa ile dawa ya povu na kukimwagia unga wa kapsuli za antibayotiki! Mwambie aache leo hii. Unga ule huganda juu ya nyama na kuwafundisha bakteria kuzoea dawa, na povu linaua hata seli changa zinazojaribu kufunika kidonda.

Zuhura, mwili una dawa yake. Ngozi na seli nyeupe za damu hutengeneza peptidi, yaani vipande vifupi vya protini vinavyoua vijidudu. Kimoja kinaitwa LL-37, kina asidi amino 37, yaani vitofali vinavyojenga protini. Kina chaji chanya, na utando wa bakteria una chaji hasi kwa nje, basi kinanasa pale pale na kuutoboa. Tena hakiishii hapo: huziamsha seli za ngozi zitambae kuziba pengo, na mishipa midogo ya damu iote upya.

Mwaka 1987, Michael Zasloff kule Marekani alitangaza peptidi za namna hiyo kutoka ngozi ya chura wa kusini mwa Afrika. Vyura wake walikuwa wakipasuliwa, wanashonwa, wanarudishwa kwenye maji machafu, na bado vidonda vinafunga bila usaha! Kila nikisoma habari hiyo nafurahi.

Sasa kwa Mama. Mwaka 2003 watafiti wa Sweden walichunguza vidonda sugu vya miguu, wakakuta LL-37 haipo kwenye ngozi ya ukingoni, ilhali kwenye kidonda kinachopona vizuri ipo tele. Mwaka 2014 watafiti wa Sweden walitangaza jaribio la LL-37 kwa wagonjwa 34 wenye vidonda vya miguu: waliopakwa kiasi kidogo walipona haraka zaidi, waliopakwa kingi hawakupata nafuu hiyo. Unaona? Hata dawa ya mwili wenyewe ikizidi haisaidii, sembuse unga wa kapsuli. Na usihangaike kuitafuta, haijafika madukani.

Tulichonacho ni kuilinda kinga yake. Sukari ikiwa juu, seli nyeupe hulegea, kwa hiyo ishuke kwanza. Kidonda kioshwe kwa maji safi ya chumvi yanayotolewa kliniki, mguu upumzishwe, asikanyagie, na daktari akione. Akipata homa, au wekundu ukapanda mguuni, au nyama ikawa nyeusi, msingoje asubuhi. Na ule unga, nasema tena, autupe.

Anahisi maumivu akiguswa, au nyayo zimeingia ganzi? Kidonda kinanuka? Sukari ilipimwa lini, na ilisoma ngapi? Nani anambadilishia bendeji sasa hivi, wewe au yule binti wa Bi Tatu? Baba Idi atanisikia nikimpigia mwenyewe? Nauli ya kliniki natuma kesho. Niitume kwenye simu yako au ya Rehema?

Wako,
Asha