Kibao cha «Chien méchant» hakikuondolei deni

Wateja wengi wanaokuja kwenye atelye yetu hapa Lubumbashi kuagiza lango la chuma huongeza ombi moja mwishoni: tuwachoree na kibao cha «Chien méchant», yaani «Mbwa mkali». Tunakichora. Lakini tukiuliza ni cha nini, jibu mara nyingi ni lile lile: mbwa akimuuma mtu, kosa litakuwa la aliyeumwa, maana alionywa. Hapo tunaomba tuongee kwanza kabla ya kukata chuma, kwa sababu sheria yetu ya Kongo haisemi hivyo.

Kifungu cha 261 cha Kitabu cha Tatu cha Sheria ya Kiraia, kinachotoka kwenye dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, kinamtwika mwenye mnyama, au yule anayemtumia wakati anamtumia, madhara yote ambayo mnyama huyo ameleta. Awe chini ya ulinzi wake, awe amepotea, awe ametoroka. Soma hilo la mwisho mara mbili. «Mbwa alitoka mwenyewe, mtoto aliacha lango wazi» ndilo neno tunalolisikia kila siku mitaani, na ndilo hasa ambalo sheria imeshalijibu. Dawa, hopitali, siku ambazo aliyeumwa hakufanya kazi: yote hayo anaweza kukudai.

Kibao kina faida yake. Kinamzuia mgeni asiingie bila kubisha, na hakimu anaweza kupima kosa la mtu aliyepanda ukuta usiku au aliyemchokoza mnyama. Ila muuza makala (mkaa) anayepita nje kwenye avenyu, mtoto anayetoka masomo, mfanyakazi wa SNEL (umeme) au wa REGIDESO (maji) aliyekuja kusoma mita, hao hawakukosa kitu. Na upande wa jinai, vifungu vya 52 hadi 54 vya Kitabu cha Pili cha Sheria ya Jinai vinamshika hata mtu ambaye hakukusudia ubaya, ikiwa aliumiza au aliua kwa kukosa kujihadhari. Kumwachia mbwa mkali azunguke huku lango halifungiki, sisi tunaona ni kukosa kujihadhari.

Katika lupango mmoja (kiwanja chenye nyumba) wenye familia tatu au nne, kama ilivyo kwenye komini za Katuba au Kenya hapa mjini, maswali huwa mengi. Sheria haianzi na kuuliza lupango ni wa nani. Inauliza mbwa ni wa nani, au nani alikuwa anamtumia. Mpangaji aliyeleta mbwa wake asitegemee kwamba baba mwenye nyumba atalipa. Basi elewaneni mapema nani anamfungua usiku na nani anamfunga asubuhi.

Tunajua kwa nini watu wanafuga. Umeme ukikatika usiku na wezi wakianza kuzunguka, mbwa ndiye anayekuamsha. Hatukatai mbwa wa ulinzi. Tunachotaka ni mgeni na mbwa wasikutane kabla wewe hujafika. Kwa hiyo tunapendekeza milango miwili: lango la nje, halafu wavu mfupi wa ndani unaoacha nafasi ndogo ambapo mgeni anasimama akingoja. Kengele iwe nje, na mita pia ikiwezekana, ili isomwe bila kuvuka uwanja. Lango la nondo tupu lifungwe bati au wavu upande wa chini, maana mkono wa mtoto unapita pale kwa urahisi. Chini ya lango tunamwaga kizingiti cha simiti: masika huku kwetu maji hula udongo mwekundu, na mbwa humalizia kuchimba. Banda nalo liwe na kivuli, na kipande cha uwanja wa kutembea. Mbwa anayefungwa mnyororo mchana kutwa huzidi ukali, na siku mnyororo ukikatika hachagui wa kumuuma.

Mpeleke kwa mganga wa mifugo apate chanjo ya kichaa cha mbwa, uirudie kwa wakati atakaokupa, na utunze karatasi yake. Kama ameuma mtu, kidonda kioshwe palepale kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha huyo mtu aende hopitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo. Ugonjwa huo dalili zake zikishatokea, karibu hakuna anayepona. Na tafadhali, msimuue mbwa kwa hasira. Afungwe mahali salama, aangaliwe siku 10: akiendelea kuwa mzima, daktari anajua hakuwa na kichaa cha kuambukiza siku aliyouma.

Ukija kuagiza lango, tuambie kama una mbwa, ukubwa wake, na upande gani wageni wanapitia. Tutakuja kupima lupango wenyewe kabla ya kukupa bei.