Mwinjilisti wetu ana selimundu, anataka kuacha huduma

Mhariri,

Bwana Yesu asifiwe. Tunaandika kutoka Ilemela, Mwanza, wazee wa kanisa watatu, mmoja wetu muuguzi. Mwinjilisti wetu ameridhia tuandike bila kumtaja jina. Ana miaka 33 na amezaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi ambao wengi huku huuita siko seli. Sasa nyonga ya kulia imeharibika kwa kukosa damu. Anatembea kwa mkongojo na maumivu hayaji tena kwa vipindi, yapo kila siku. Ametukabidhi barua ya kujiuzulu. Anasema asiyeweza kufunga wala kukesha hana haki ya kusimama madhabahuni.

Sisi tunaona imani yake ni nzima. Kibaya ni kazi tuliyompa, imejaa yale yale yanayoamsha maumivu. Chembe nyekundu zake zikipungukiwa oksijeni hujikunja mfano wa mundu na kukwama kwenye mishipa midogo. Upungufu wa maji, baridi, uchovu na malaria huzidisha hali hiyo. Sasa tazameni ratiba yetu. Mfungo wa siku tatu bila tone la maji, na yeye anahitaji kama lita tatu kwa siku. Mkesha wa Ijumaa, saa 4 usiku hadi saa 11 alfajiri, chini ya turubai, upepo wa ziwani ukipenya pande zote. Halafu ubatizo: saa 12 asubuhi amesimama ziwani kwenye maji ya kiunoni akiwapokea wabatizwa ishirini, anatoka na kanzu imemgandia mwilini.

Tuliwaza kuusogeza ubatizo mchana maji yapate joto. Lakini jua likiwa kali ndipo vijidudu vya kichocho hutoka kwa wingi kwenye konokono, hivyo tungewaponza wote. Afadhali bwawa kanisani, lijazwe maji ya ziwa yaliyokaa siku mbili kwenye tangi lililofunikwa, muda ambao vijidudu hivyo huwa vimekufa. Wapo washirika wanaosema ubatizo wa bwawani haujakamilika. Na kuwatembelea wagonjwa kule juu kwenye mawe kunamwumiza vibaya. Bodaboda inamtikisa nyonga, bajaji haifiki.

Linalotuuma zaidi ni ndugu wanaomshauri aache haidroksiyurea, dawa yake ya selimundu, ili aonyeshe imani. Dawa hiyo humezwa kila siku, hufanya kazi taratibu kwa miezi, na damu hupimwa mara kwa mara. Mtu akiiacha, wiki za mwanzo hujisikia vizuri kwa sababu faida yake haijaisha mwilini. Hapo ushuhuda hutolewa, watu hushangilia. Maumivu yakirudi, mgonjwa huambiwa alitia shaka. Tumewakataza, ila maneno yanaendelea nje ya ibada.

Sisi tunaamini wito wake upo. Paulo aliomba mara tatu mwiba uondolewe, haukuondolewa, na utume wake haukuondolewa pia. Waraka wake kwa Warumi uliandikwa kwa mkono wa msaidizi, Tertio. Musa alipochoka, Haruni na Huri walimwekea jiwe akaketi, kisha wakamtegemeza mikono. Tumemwambia hayo. Alijibu kwamba Musa hakuwa na washirika wanaohesabu nani amekunywa maji.

Tunaomba ushauri. Mfungo wa chakula huku akinywa maji, tuutangaze kuwa mfungo kamili kwa kanisa zima, au yeye peke yake apewe ruhusa? Tukimpa ruhusa peke yake, watamnyooshea kidole. Je, ni halali kumwondolea ubatizo na mikesha tukamwachia mafundisho ya waongofu na ushauri wa ndoa, kazi za kuketi ambazo anazifanya vizuri kuliko sisi sote, au atahisi tumemshusha? Na kiti tutakachoweka mimbarini kitaulizwa maswali. Yeye hataki ugonjwa wake utajwe, kwa kuwa ana mdogo wake wa kike anayechumbiwa na anaogopa maneno ya ukweni. Tutawaelezaje washirika bila kusema uongo na bila kumwanika?

Tumemsihi asiisome barua yake kabla ya Jumapili ya mwisho ya mwezi ujao. Tafadhali mtujibu kabla ya siku hiyo.

Wazee watatu, Ilemela