Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti wa Tawi la Wauguzi

Ndugu wanachama,

Mwaka huu nguvu nyingi za tawi zimekwenda kwenye saa ya mapumziko. Mengine nitayagusa kwa ufupi, mtaniwia radhi.

Kifungu cha 23 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinataka mfanyakazi anayefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa 5 apewe mapumziko yasiyopungua dakika 60. Hakuna aliyetukatalia haki hiyo. Hata ratiba ya zamu inaionyesha. Tabu iko wodini. Muuguzi wa wodi ya wazazi yuko peke yake usiku, ana kina mama wawili wenye uchungu, na mapigo ya moyo wa mtoto yanatakiwa kusikilizwa kila nusu saa na kujazwa kwenye patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu. Amwachie nani? Wodi ya watoto ni yale yale: ukishatundika damu, dakika 15 za mwanzo hubanduki kitandani. Tumewakuta wenzetu wakila wali wamesimama, sahani juu ya toroli la dawa. Halafu huyo huyo, aliyeshinda na njaa, ndiye anayetakiwa kukokotoa dozi ya kichanga. Hili ni suala la usalama wa wagonjwa, nami nitalisema kila kikao.

Kwa hiyo kwenye baraza la wafanyakazi tuliomba mtu: kila zamu iwe na muuguzi mmoja asiyepangiwa wodi, azunguke akipokea wagonjwa ili mwenzake atoke. Tena apokee kwa makabidhiano kamili, kitanda kwa kitanda. Ile ya "niangalizie kidogo" tuachane nayo. Menejimenti ilijibu kwamba watumishi hawatoshi. Ni kweli, hawatoshi. Lakini kifungu hicho hicho kinataka anayefanyishwa kazi wakati wa mapumziko alipwe muda huo. Tulipoliweka hilo mezani, mazungumzo yalisogea. Majaribio yameanza wodi ya wazazi na ya watoto, zamu ya mchana tu. Sijaridhika, maana usiku ndiko tunakoumia.

Tafadhali jazeni daftari la mapumziko lililo kwa mwakilishi wa wodi, kila mnapokosa kutoka: tarehe, zamu, sababu. Wodi ya upasuaji wamelijaza vizuri mno, na kurasa zao ndizo zilizotubeba barazani.

Malimbikizo ya malipo ya usiku, yale ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa, tunaendelea kuyafuatilia. Chumba cha kupumzikia kimepata viti na birika. Wanaonyonyesha wana haki ya hadi saa 2 kwa siku, nao pia wanahitaji wa kuwapokea.

Mkataba wa hali bora, yaani makubaliano yetu na mwajiri kuhusu masharti ya kazi, unarudi mezani. Kamati inapendekeza muuguzi wa kupokea aingizwe humo kwa maandishi, tuanze na zamu ya usiku. Tutalipigia kura pendekezo hili mara baada ya taarifa ya mhazini.