Barua kwa Rehema: karamu ya msimu wa maembe

Mbagala, Dar es Salaam
20 Novemba

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Barua yako imefika, na orodha ya vyakula nimeipitia kalamu mkononi. Watu arobaini, Jumamosi ya tarehe 13 Desemba, uani kwako Kigamboni: hilo linawezekana bila kukopa. Kwenye pilau sina neno. Ila shoga yangu, matufaha na zabibu za dukani za nini katikati ya Desemba? Wakati huo maembe ya Mkuranga na Rufiji yanashuka kwa barabara ya Kilwa, na mananasi ya Kiwangwa yamejaa sokoni. Futa hayo. Tuanze na embe, vingine vyote vipangwe kulifuata.

Usiende sokoni mara moja ukarudi na tenga zima. Unahitaji maembe ya hali tatu, na kila hali ina siku yake: mabichi ya achari na kachumbari, yaliyopevuka ya kuvundika nyumbani, na machache yaliyokwisha kuiva ya kuziba pengo siku yenyewe.

Achari ianze tarehe 29 Novemba, ili ikishatiwa chupani ipate siku kama kumi za kukolea. Chukua kilo 3 za maembe mabichi magumu, yamenye, uyakate vipande virefu, kokwa utupe. Changanya na chumvi gramu 150 na kijiko kikubwa kimoja cha bizari, uache usiku kucha. Asubuhi mwaga maji yaliyotoka, kisha anika juani siku mbili juu ya ungo. Vuli ikikufungia jua, usianike kwenye mawingu ukitumaini. Weka kwenye oveni ya moto mdogo kabisa, mlango ukiwa wazi kidogo, mpaka vipande vinywee na vishikike vikavu. Halafu kaanga kwenye mafuta nusu lita kitunguu saumu gramu 100, tangawizi gramu 100, pilipili mbichi kiasi cha mnavyostahimili, na kijiko kikubwa kimoja cha uwatu (uwatu usiungue, utatia uchungu achari yote). Tia embe, tia siki nusu lita, chemsha taratibu dakika kumi. Achari huota ukungu hasa kwa sababu mbili: chupa yenye maji ndani, au vipande vinavyochungulia juu ya mafuta. Chupa zichemshe dakika kumi, zikauke kabisa, na mafuta yafunike kila kitu.

Ya kuvundika nunua Jumapili tarehe 7 au Jumatatu tarehe 8. Kwako ni karibu zaidi kupita daraja la Nyerere kwenda soko la Temeke Stereo kuliko kuja huku Rangi Tatu. Hapa ndipo wengi wanapoumia, maana embe changa na embe lililopevuka yote ni ya kijani na yote ni magumu. Tazama mabega. Embe lililopevuka mabega yake yamejaa na kupanda juu ya kikonyo, hivyo kikonyo kinaonekana kimekaa ndani ya kishimo. Embe changa limeteremka toka kwenye kikonyo kama bega la shati lililotundikwa msumarini. Ukiwa na wasiwasi mwombe muuzaji akate moja: nyama iliyo karibu na kokwa iwe imeanza umanjano. Ikiwa nyeupe tupu, ondoka. Embe hilo ukilivundika litanywea, ngozi ifanye makunyanzi, na ndani litabaki chachu.

Kagua pia vitundu vidogo kama vya sindano vyenye alama ya utomvu au doa laini pembeni. Huyo ni nzi wa matunda, ameshataga, na funza utamkuta siku unayokata mbele ya wageni. Na yakiwa yote ya manjano sawasawa kama yamepakwa rangi, nusa kwenye kikonyo. Embe lililoiva lenyewe linanukia pale. Lisilonukia, na nyama yake ya ndani bado ngumu, huenda limeivishwa kwa kabaidi; dawa hiyo ya viwandani huwa na chembechembe za aseniki na fosforasi, achana nayo.

Nyumbani osha utomvu (unawasha midomo, hasa kwa watoto), kausha, panga kwenye boksi lenye karatasi, kikonyo kikitazama chini, safu moja au mbili tu. Tia ndizi mbivu mbili tatu humo. Hewa inayotoka kwenye ndizi huharakisha kuiva. Usifunike kwa nailoni, kwa sababu jasho likikaa juu ya ngozi madoa meusi yanaenea upesi. Na usithubutu kuyatia kwenye friji yakiwa hayajaiva: baridi huyaharibu, ngozi inakuwa nyeusi na nyama haiivi tena hata ukiyatoa. Geuza kila siku, toa linalooza. Yanayoiva mapema, Jumatano au Alhamisi, hayo ndiyo uyahamishie kwenye friji; likishaiva baridi hailidhuru.

Sasa kiasi. Hesabu nusu lita ya kinywaji kwa mtu, yaani lita 20. Lita 15 ziwe za embe, lita 5 za ukwaju kwa wasiopenda utamu mzito. Kilo 3 za maembe mazima hutoa takriban kilo 2 za nyama, na ukiongeza maji lita 3 unapata kama lita 5 za juisi. Kwa hiyo kilo 9 za juisi, kilo 4 za saladi ya matunda, na kilo 2 za kufidia yatakayooza: jumla kilo 15. Kwa juisi chukua yale madogo ya kienyeji. Yana nyuzi nyingi, lakini yana harufu, na nyuzi zinabaki kwenye chujio. Dodo liweke kwa saladi, linakatika vipande vizuri.

Juisi ya embe haingoji. Kwenye joto la Desemba ikikaa toka alfajiri hadi alasiri inaanza kutoa povu. Ijumaa saga embe bila maji, ugandishe rojo kwenye makopo, kisha Jumamosi saa moja kabla ya wageni ulegeze kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa. Rojo lililoganda ndilo barafu yenyewe, na hutalazimika kununua barafu ambayo hujui maji yake yametoka wapi. Msimu wa mvua hilo si jambo la kupuuza.

Saladi: gramu 150 kwa mtu, yaani kilo 6 zilizosafishwa. Embe kilo 2.5, nanasi 1.5, papai 1.5, na nusu kilo ya rojo la pasheni juu yake badala ya sukari. Nanasi nunua linalonukia chini, kwa sababu haliongezeki utamu likishakatwa shambani, linabadilika rangi tu. Likimenywa hubaki kama nusu ya uzito wake, basi nunua kilo 3. Ndizi usitie mapema, inakuwa nyeusi. Na yule anayetaka kuchanganya nanasi bichi na maziwa au mtindi mzuie. Nanasi linavunjavunja protini ya maziwa na baada ya muda mchanganyiko unakuwa mchungu.

Kachumbari ifanye ya embe bichi. Nyanya za kipindi cha mvua zina maji mengi, ukizikata tu sahani inakuwa bwawa. Maembe mabichi kilo 2 yaliyokwanguliwa, vitunguu maji kilo 1 vilivyooshwa kwa chumvi, pilipili, kotmiri. Chumvi ya mwisho weka wakati wa kupakua, usiweke kabla.

Samaki nenda soko la Feri mapema asubuhi ile ile, pantoni iko mlangoni kwako. Kilo 5 za changu au kolekole: macho maangavu, mashavu mekundu ndani, na ukibonyeza nyama irudi. Wachome kwanza kwa mkaa na chumvi, ndimu, saumu na tangawizi. Rojo la kupaka ni tui zito la nazi 5, bizari, saumu na pilipili, ukikoroga bila kuacha mpaka lizito. Maembe mabichi matatu yaliyokwanguliwa yanachukua nafasi ya ukwaju, lakini yatie mwisho, moto ukiwa mdogo. Uchachu ukiingia tui likiwa jepesi na linatokota, linakatika, unabaki na maji chini na mafuta juu.

Mvua hizi zimeleta kisamvu kichanga. Kilo 3 kilichotwangwa, nazi 3, karanga za kusaga nusu kilo. Kichemshe saa moja au zaidi bila mfuniko kabla ya kutia tui. Sumu ya muhogo iliyo kwenye majani inapungua kwa kutwanga na kwa mvuke kutoka. Anayekuharakisha mpe kazi ya kukuna nazi.

Pilau ni mchele kilo 5 na nyama kilo 4, kilo moja ya mchele kwa watu wanane. Neno moja tu: usizidishe maji kwa hesabu ya sufuria ndogo. Sufuria kubwa inapoteza mvuke kidogo, na mchele ukiwa mwingi unabonda. Punguza, ongeza supu ya moto ukiona kiini bado kigumu, kisha upalie makaa juu. Wali wa nazi uliouandika pembeni uache. Unachacha haraka, na wageni wetu unawajua, wa saa saba anafika saa kumi.

Niandikie kabla ya tarehe 29 unijulishe mambo mawili: kama utapata sufuria ya kutosha kilo 5 za mchele au nikuletee ya kwangu, na wangapi kati ya hao arobaini ni watoto, ili nipunguze pilipili kwenye rojo la samaki.

Wako,
Mwanaidi