Vinteji, Retro na Kamera: Maana ya Maneno Tunayoandika kwenye Bei Zetu

Mteja mmoja alituuliza juzi kwa nini shati tunalouza shilingi 1,800 hapa dukani, yeye ameona jingine linalofanana nalo katika soko la Kongowea kwa shilingi 150. Swali lake ni la haki, na jibu limo katika maneno tunayoandika kwenye karatasi ya bei bila ya kuyaeleza.

Mtumba ni neno linaloeleza njia ambayo nguo imepitia, wala halisemi lolote kuhusu umri wake. Blauzi iliyoshonwa mwaka juzi, ikavaliwa mara mbili na kutiwa robotani, ni mtumba sawasawa na gauni la mwaka 1965. Umri hutajwa kwa neno vinteji, ambalo kwa desturi ya biashara hii hutumika kwa nguo iliyotimiza angalau miaka 20; ikifikisha miaka 100, huingia katika hesabu ya vitu vya kale. Retro ni nguo mpya iliyoigiza mtindo wa zamani, na hapo ndipo wanunuzi wengi hupunjwa, kwa sababu suruali pana miguuni iliyotoka kiwandani mwaka jana huweza kuuzwa kwa bei ya suruali ya miaka ya 1970. Hatuna ugomvi na retro, na sisi pia tunaiuza, ila kwa jina lake.

Katika kukadiria umri hatutegemei rangi iliyopauka, maana jua la Mombasa hupausha nguo yoyote kwa miezi michache. Tunaanza na lebo. Iliyoandikwa kwamba nguo imetengenezwa Ujerumani Magharibi huelekeza kwenye miaka ya kabla ya Oktoba 1990, nchi hiyo ilipoungana na ya Mashariki. Nguo ya Marekani yenye lebo ya maelezo ya ufuaji kwa kawaida si ya kabla ya mwaka 1972, kwani ndipo kanuni ya kuyaweka ilipoanza kutumika. Kwa jinzi za Levi's, wapenzi wa nguo za zamani hutazama kitambaa chekundu kilichoshonwa mfukoni, ambacho hadi mwaka 1971 jina la Levi's lililo juu yake lilikuwa na E kubwa. Lakini kampuni yenyewe imeirudisha herufi hiyo katika matoleo yanayoiga yale ya awali, kwa hiyo alama moja haitoshi, na ni lazima tukague pia zipu, vifungo na mishono ya ndani.

Dedistoki huwatisha wateja, hasa wale waliokua wakisikia mitumba ikiitwa kafa Ulaya. Haihusiani na marehemu yeyote: ni nguo ya zamani iliyobaki ghalani bila kuuzwa wala kuvaliwa. Mfano ulio karibu nasi ni doti ya kanga ya miaka mingi ambayo haijakatwa wala kupindwa, na dondo lake bado limo. Kanga ikiwa jina lake ni la Kiswahili lililoandikwa kwa herufi za Kiarabu, tafadhali usiifue kabla ya kutuonyesha, kwa kuwa uandishi huo ulitangulia herufi za Kilatini tulizozizoea.

Kamera na fagia tumeyachukua sokoni. Kamera ni nguo zinazochaguliwa kwanza robota linapofunguliwa, na fagia ni mabaki. Yote mawili hupima hali ya nguo, kwa hiyo kamera yaweza kuwa ya mwaka jana, na vinteji halisi yaweza kuokotwa kwenye fagia ikiwa na kwapa lililochanika. Kasoro kama hiyo tunaiandika.

Saizi iliyo kwenye lebo ya zamani usiifuate. Gauni la Marekani la miaka ya 1960 lenye namba 12 ni dogo kuliko la namba hiyo leo, ndiyo maana tunaandika vipimo vya kifua, kiuno na urefu kwa sentimita. Ukija na nguo yako inayokukaa vizuri, tutazilaza zote mbili mezani na kuzipima kwa futikamba kabla hujalipa.